Vidole vya Chuma vya Fundi wa Shella

Kwa sehemu kubwa ya miaka niliyomjua fundi wa kufuli wa Shella, mtaa wa Malindi, nilikuwa nimemkasirikia. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa Malindi humsifu sana. Watakwambia hakuna kitasa kilichomshinda, kiwe cha mlango wa kizamani wa mjini au cha nyumba hizi mpya za Wataliano, na ni kweli. Watakwambia ni mwaminifu, na hilo pia ni kweli. Lakini wao walikaa naye kwa muda wa kufungua mlango mmoja, wakashukuru, wakaingia ndani. Mimi nilikaa naye kutwa, siku baada ya siku, nikingoja neno moja litoke kinywani mwake.

Alikuwa mtu mfupi, mabega yake yamejikunja kwa kuinamia kazi. Alivaa kikoi na shati jeupe ambalo mifuko yake ilikuwa imetoboka kwa vyuma. Kazi yake aliifanyia barazani kwake. Hapo palikuwa na jiliwa la kubania chuma, lililokazwa kwenye gogo, tupa kubwa na ndogo, jiko la makaa, na kopo la mafuta ya nazi ambalo halikuwa la kupikia. Kando yake, ubao ulisimamishwa ukutani, umepigiliwa vitasa vya kila aina, vyote vimefungwa. Watoto wa mtaa waliuita ubao huo mlango wa kwenda popote. Yeye aliuita darasa.

Mimi natoka Ganda, nje kidogo ya mji. Nilimaliza darasa la saba kabla darasa la nane halijaanzishwa, na matokeo yangu hayakunifikisha sekondari. Mama alinipeleka kwake kwa sababu mjomba alikuwa amemjengea ukuta wa uani na wakaelewana. Mama alisema maneno mengi siku ile, mimi sikusema hata moja. Fundi aliniangalia mikono, akaigeuza kama mtu anayenunua samaki, kisha akamwambia mama mikono inafaa. Akauliza kama huwa nazungumza. Mama akacheka, akasema nitazoea. Alikosea kwa miaka.

Vyombo vya kufungulia kufuli bila ufunguo Fundi aliviita vidole. Kidole kilikuwa kipande chembamba cha chuma chenye ncha iliyochongwa, cha kuingiza ndani ya kufuli na kusukuma pini zake moja moja. Pamoja nacho kulikuwa na kipinda, chuma kingine kilichokunjwa mwishoni, cha kushikiza kufuli ligeuke kidogo wakati kidole kinafanya kazi. Hivyo viwili tu. Mtu akiviona kwa mara ya kwanza husema, ni hivi tu? Mimi pia nilisema hivyo moyoni.

Hakununua chuma hata siku moja. Chuma cha dukani alikiita chuma kisichojua taabu. Alitaka kilichokwisha kufanya kazi mahali fulani: mbavu za mwavuli, msumeno wa kukatia chuma uliovunjika, spoku za baiskeli, springi ya saa ya ukutani, mikanda inayofungia marobota. Macho yake yalikuwa chini daima. Nakumbuka tulikuwa tukisindikiza jeneza la jirani, na mtaroni kulikuwa na mwavuli mweusi uliokufa. Fundi hakuinama, kwa heshima ya maiti. Alisimama akaukanyaga, asije mtoto akauchukua, na jeneza likampita, na wanaume wote wakampita, yeye amesimama palepale akisoma dua kwa sauti ya kutosha. Mwenye msiba alidhani kuwa huzuni imemshika miguu. Alimsifu kwa hilo baadaye.

Kilichokuwa kitamu kwake kuliko vyote ni waipa za malori, zile za kufutia vioo. Ndani ya mpira wa waipa mna ukanda mwembamba wa chuma unaokunjika na kurudi, na Fundi alisema chuma hicho kimefundishwa adabu na mvua. Basi tulikuwa tukifunga safari mpaka Mariakani, kwenye gereji za kando ya barabara kuu ambako malori husimama. Huko waipa zilizoharibika zilitupwa kwenye rundo pamoja na mipira na makopo ya oili. Mtu mwingine angeokota akaenda zake. Fundi aliomba. Alimtafuta mwenye gereji, akampa mkono, akamuuliza watu wa nyumbani, akamweleza yeye ni nani na ametoka wapi, kisha akaomba ruhusa ya kuchukua kilichotupwa.

Siku moja mwenye gereji alikuwa ametoka. Makanika wake, kijana wa bara, alituambia tuchukue tu, hata lote tulibebe, atafurahi. Fundi alikataa. Tulikaa juu ya tairi kuukuu mpaka jua likahama upande. Njaa iliniuma, na waipa ilikuwa karibu na mguu wangu, ningeweza kuigusa kwa kidole cha mguu. Makanika alipita akatuangalia, akarudi akatuangalia tena.

"Mzee, mnangojea takataka?" akauliza.

"Namngojea mwenyewe," Fundi akajibu.

Mwenye gereji alipofika na kuelezwa, alidhani anataniwa. Alitukabidhi waipa tatu na kumuuliza Fundi kama ni mzima. Njiani kurudi sikumtazama. Yeye alilala njia nzima ndani ya basi, gunia mapajani, ametosheka kama mtu aliyetoka karamuni.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukata, kusugua, kuchonga, kupasha moto, kuzimisha ndani ya mafuta ya nazi, na kusugua tena. Kidole kigumu mno huvunjika ndani ya kufuli la watu, na kilaini mno hujikunja kabla ya kusukuma pini. Kati ya hayo mawili kuna mahali padogo pa kusimama, na Fundi alipafikia bila kufikiri. Alikitoa kwenye mafuta, akakipiga kwa ukucha karibu na sikio, akajua. Mimi nilikipiga kwa ukucha nikasikia ukucha.

Nilipomaliza changu alikiinua mwangani. Hakugomba. Afadhali angegomba.

"Hiki ni kijiko," alisema, akakitia ndani ya debe.

Kesho yake: "Hiki mpe mama yako achokolee meno."

Siku nyingine alikizungusha muda mrefu, nikaanza kutumaini, kisha akasema, "Hiki kizuri. Sijui ni nini, lakini ni kizuri." Mama wa mbaazi, mwanamke aliyeuza mahamri na mbaazi mkabala na baraza, alicheka mpaka akashika nguzo. Huyo mama alijua kila kitu cha Shella na alikisema. Tangu siku ile kila nikinunua mahamri aliniuliza kama nataka yaliyo mazuri au yanayojulikana ni nini.

Hatimaye nilitengeneza kidole kilichokuwa sawa. Kilitoka kwenye waipa ya Mariakani, nami nilikisugua kwa msasa mpaka kikateleza kama mfupa wa samaki. Kwenye ubao palikuwa na kitasa kimoja cha shaba kilichonisumbua tangu nije. Kilifunguka. Fundi aliniambia nikifunge, akakifungua yeye kwa kidole changu, akakifunga, akakifungua tena. Akasema, "Kimekaa." Kutoka kwake, hiyo ilikuwa hotuba. Kisha akakibana kidole changu kwenye jiliwa na kukikunja mara mbili, akakitupa debeni.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, nami sijapata kuona fundi mwingine aliyeifuata. Kidole kilitengenezwa kwa mlango mmoja. Mlango ukifunguka, alikikunja mbele ya mwenye nyumba na kumpa mkononi, ili asije akasema baadaye kwamba mtaani kuna chuma kinachojua mlango wake. Kesho kukija mlango mwingine, tulianza upya na mwavuli mwingine. Alisema kidole kikikaa mfukoni huanza kutafuta mlango wake wenyewe. Maneno hayo ni mazuri kwa anayeyasikia. Kwa anayesugua tupa kuanzia asubuhi, ni maneno ya kukatisha tamaa. Nilitaka nimwambie kwamba kile hakikuwa kimefungua mlango wa mtu, kilifungua ubao. Nilichukua waipa nyingine.

Alikuwa na mke, mama mpole mwenye mwili mkubwa, aliyetoka nje mara chache na kila alipotoka alileta chakula. Na hapa naona ajabu yake nyingine, maana mtu huyu aliyefungua milango ya wengine kutwa, kwake alifunga kila kitu. Kopo la sukari lilikuwa na kufuli. Kata ya maji ilikuwa na mnyororo. Kiunoni alibeba funguo nyingi hata mtu alijua anakuja kabla hajapinda kona. Mkewe akitaka kupika chai ilibidi aite, na Fundi aache kazi aende akafungue sukari. Nilimsikia mkewe akimwambia, kwa upole, kwamba ameolewa na bohari. Naye alijibu kuwa mtu hajui thamani ya kufungua kama hajafungiwa.

Lakini hatukula ila sote pamoja. Hilo lazima niliseme. Sahani ikifika na mimi niko kwenye jiko la makaa, aliketi na mikono yake ikiwa safi, wali unapoa, akiningoja. Siku tupa iliponiteleza na kunikata, alichana pindo la kikoi chake mwenyewe kunifunga, akaniambia niende nikapumzike. Nilipokwenda akaniita nirudi, kwa sababu sikumuuliza nipumzike mpaka lini.

Kuuliza. Hilo ndilo lilikuwa tatizo baina yetu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kabla ya kugusa mlango wowote, Fundi aliuliza maswali yake. Hapa ni kwako? Nani akujua? Ukifungua, kitu cha kwanza utakachokiona ndani ni nini? Na jirani lazima aje asimame. Hakujali anayeulizwa ni nani. Imamu wa msikiti aliulizwa. Mama mjamzito aliyeacha sufuria motoni aliulizwa, ingawa kwake yeye Fundi aliuliza huku akifanya kazi. Palikuwa na karani mmoja wa hoteli, mtu wa bara aliyehamia Malindi wiki ileile, akapoteza ufunguo wa chumba alichopanga. Suti yake ya kazi ilikuwa ndani. Hakuna jirani aliyemjua. Fundi akamwambia amlete mwenye nyumba, naye mwenye nyumba alikuwa shambani kwake Ganda. Karani alipandwa na hasira. Alisema atachelewa kazini, atafukuzwa, na huko kwao fundi hufungua mlango, hafanyi upelelezi. Fundi alikaa kwenye kizingiti akamenya chungwa. Akamkatia karani nusu. Karani akakataa, kisha akala, kisha akakodi baiskeli kwenda Ganda. Mlango ulipofunguliwa, mwenye nyumba akiwa hapo, karani hakumpa Fundi hata asante. Baada ya mwezi alimletea kufuli jipya akitaka atazamiwe kama ni zuri, maana, alisema, amewaona mafundi wengine.

Basi mimi ndiye niliyetakiwa kuuliza maswali hayo. Na sikuweza. Niliyajua kama ninavyojua jina langu. Lakini nikisimama mbele ya mtu mzima, anayeniangalia, mlango ni wake, aibu ni yake, niliinamia kitasa nikaanza kukipangusa. Fundi aliniambia nitangulie mbele, yeye akakaa nyuma kama mpita njia. Mwenye mlango aliniangalia nami nikaiangalia miguu yake. Siku moja mwanamke mmoja ndiye aliyeniuliza mimi: wewe ni nani, nani akujua hapa? Nikashindwa na hayo pia. Fundi akaja akayamaliza, na njiani kurudi akasema maneno ambayo sijayasahau.

"Mikono unayo. Kinywa huna. Fundi wa kufuli asiye na kinywa ni mwizi mwenye adabu."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu yeye mwenyewe nilipomuuliza hakunijibu. Nikimuuliza kwa nini mafuta ya nazi na si maji, alisema, "Fanya." Nikimuuliza kwa nini ncha iinuke hivi na si vile, alisema, "Tazama." Alitaka niwaulize watu nisiowajua mambo ya nyumba zao, na mimi niliyekaa miguuni pake nisiulize kuhusu chuma. Sikuelewa, na bado sielewi. Nadhani hakuwa na sababu. Nadhani alikuwa mtu wa namna hiyo tu.

Ingekuwa ni dharau peke yake, ningevumilia. Lakini kulikuwa na jambo lililotegemea kinywa chake. Kijana anayekutwa na vyuma vile mfukoni, mjini hapa, hana la kujitetea. Sokoni walimpiga kijana mmoja mpaka wakamvunja taya, naye akilia kwamba waya zake ni za kuzibulia majiko ya mafuta. Huenda zilikuwa hivyo. Ndiyo maana hakuna anayeweza kuifanya kazi hii bila kutajwa. Fundi akiridhika na mwanafunzi wake, alivaa kanzu, akamchukua mpaka kwa mzee wa mtaa, kisha kituoni kwa askari, kisha akamkalisha barazani majirani wakiona, na kote huko alisema maneno yaleyale: "Huyu ni mkono wangu." Basi. Tangu hapo kijana huyo ni fundi, hata akutwe na chuma gani. Aliwataja wawili kabla yangu. Mmoja yuko Mombasa, mmoja Lamu, na wote wana watoto na baraza zao.

Mimi hakunitaja. Mwaka ulipita, na mwingine. Mama, huko Ganda, hakungoja. Alishawaambia watu wote kwamba mwanawe ni fundi wa vitasa mjini. Nikienda nyumbani siku ya mapumziko, majirani walikuja na makufuli yao ya ghala yaliyoshika kutu, na mimi niliwaambia sina vyombo. Mama alinitazama. Asubuhi alinifungia mihogo ya kumpelekea Fundi, mizuri kuliko ile aliyotuachia sisi, na nikajua mihogo hiyo inakwenda kuomba.

Nilikwenda nikiyafanyia mazoezi maneno yangu njia nzima. Nilifika, nikaweka mihogo chini, na kabla woga haujanirudia nikasema, "Fundi, mimi nitatajwa lini?"

Hakuacha kusugua. Alisema hilo ndilo swali la kwanza la maana kunitoka tangu nije, na kwamba nimemuuliza mtu asiye na haraka. Kisha akasema atanitaja siku atakayojua kwamba nitamuuliza mtu yeyote. Nikamwambia nitauliza. Akaniambia, "Utawauliza wanyonge. Akija mkubwa, utamfungulia kwa heshima. Nakujua."

Sikurudi wiki iliyofuata. Mjomba alinitafutia mahali karibu na soko, kwa watu wa baiskeli, na nikaanza kutengeneza minyororo na breki. Kazi ya baiskeli haitaki kutajwa. Spoku zilizovunjika ziko tele, na mara nyingine mikono yangu ilichonga kidole bila mimi kuiambia, nikakikunja na kukitupa haraka, nikiangalia kama kuna aliyeniona. Na baiskeli ina jambo lake. Mwenyewe hakuachi unyamaze. Anadai kengele yake ilikuwa mpya, anadai umembadilishia mpira, anakwambia gurudumu lilikuwa halijapinda lilipokuja. Ukinyamaza, umelipa. Nilijifunza kusema kwanza, kabla mtu hajashusha mguu: hii ni yako, imevunjika nini, nani alikuwa akiiendesha. Sikufikiri kuwa najifunza chochote. Nilifikiri nagombana.

Fundi nilimwona kwa mbali, akipita. Watu walisema mikono yake imeanza kutetemeka na siku hizi akiitwa hutoa udhuru. Hakuna aliyesema tena juu ya kunitaja, na mama aliacha kuwaambia watu.

Kisha, mvua za mwaka zilipokwisha, alikuja yeye mwenyewe mpaka pale tulipotengenezea baiskeli. Funguo zake nilizisikia kabla sijainua macho. Alibeba kijisanduku cha bati kilichofunikwa kwa kanga. Wenzangu walimpisha kiti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Hebu nifungulie hiki. Mkono umeanza kunicheza."

Niliona fahari, siwezi kukataa. Spoku ilikuwa karibu, tupa ilikuwa mkononi, na kitasa cha sanduku lile kilikuwa cha kuchezea. Nilianza kuchonga. Alinitazama mikono kama zamani. Kidole kilikuwa tayari, kipinda kiko tayari. Ndipo nikaiangalia ile kanga, nikaijua ni ya mkewe, kisha nikaangalia funguo zote zile kiunoni mwake, na hakuna hata mmoja wa sanduku hili. Hasira ya miaka ikanipanda, na ndiyo iliyonifungua mdomo.

"Ni lako?" nikauliza.

"Ala. Si nimelibeba mimi?"

"Sikuuliza nani kalibeba, Fundi. Ni la nani?"

Wenzangu waliacha kazi. Mmoja akaninong'oneza kwamba huyu Malindi nzima yamjua. Nikaendelea, maana ningenyamaza hapo nisingesema tena.

"Ukilifungua, cha kwanza utakachokiona ni nini?"

"Nguo," akasema.

Nikalitikisa kidogo. Ndani kopo liligonga bati.

"Nguo hazigongi."

Uso wake ulibadilika. "Kijana, mimi ndiye niliyekushikisha tupa."

"Ndiyo, Fundi. Mama akija nalo, nitalifungua."

Alininyang'anya sanduku. Hakujibu kwaheri yangu. Nilikunja kile kidole cha spoku, nikakitupa. Mwenzangu akaniambia nimejiharibia, kwamba mtu yule ndiye peke yake angeweza kunitaja, na nimemwaibisha sokoni mchana kweupe. Nilimwamini. Sikula siku ile.

Mama wa mbaazi ndiye aliyenipa habari nzima. Daktari alikuwa amemkataza Fundi tumbaku kwa ajili ya moyo wake. Mkewe, aliyeishi na makufuli maisha yake yote, alilifungia kopo la tumbaku ndani ya sanduku lake mwenyewe, akaondoka na ufunguo kwenda kumtazama binti yao Kilifi. Fundi alivumilia mpaka akashindwa. Na baada ya mimi kumkatalia, alirudi mtaani akilalamika. Alimwambia mama wa mbaazi. Aliwaambia wa msikitini, wakiwa bado wanavaa viatu. Alimsimamisha mzee wa mtaa njiani. Kila mahali alisema yaleyale: kijana niliyemlea kwa mkono wangu ameninyima, ananiuliza mimi ni la nani, mimi, anataka shahidi, amelitikisa sanduku mbele ya watu. Alilalamika kwa moyo wote. Hakuwa akinipangia mema, mama wa mbaazi anaapa kwa hilo, maana alimwona machozi yakimlengalenga kwa hasira. Lakini kila aliyesikia alicheka, kisha akauliza kijana huyo ni yupi, anakaa wapi.

Mzee wa mtaa alifika pale kwetu kwenye kazi ya baiskeli siku chache baadaye. Alikuwa amepoteza ufunguo wa ghala lake. Alisimama mbele yangu mikono nyuma.

"Nasikia wewe hata fundi wako humfungulii."

"Simfungulii," nikasema, macho chini.

"Basi njoo kwangu. Na maswali yako uje nayo."

Nilimuuliza yote, mbele ya watoto wake, na akachukia kwelikweli nilipomtaka jirani, kwa sababu yeye na jirani yake huyo hawakuwa wakisemeshana. Ghala lilifunguka. Tangu hapo askari akipita na kunikuta na tupa na spoku, hutania tu kama nitamuuliza na yeye. Majirani wa Ganda nao wameanza kurudi na makufuli yao.

Juzi nilipita Shella, na Fundi alikuwa barazani, jiliwa limefunikwa gunia. Nilimwamkia. Aliitikia bila kunitazama, akasema ameambiwa nimefungua ghala la mzee. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilimuuliza. Nikasema nilimuuliza. Akauliza kama alikasirika, nikasema sana. Nilisimama pale kama mjinga, nikingoja, maana ningeweza kulipata hata pale, hata kwa kuchelewa, lile neno moja. Aliangalia nje njiani, kulia na kushoto.

"Wapita sokoni?" akauliza, kwa sauti ndogo.

"Napita."

"Niletee tumbaku. Kidogo tu, uizungushie gazeti."

"Haya, Fundi. Mama yuko ndani?"

"Wamtakia nini?"

"Nimuulize kwanza."

Alinitukana, mimi na mikono yangu na siku niliyoletwa kwake, kwa sauti iliyomfanya mama wa mbaazi aweke upawa chini ili asikie vizuri. Nikamwacha atukane, nikapanda baraza, nikabisha hodi.